Kichwa Hakitembei na Kijitabu Hakijafunguliwa: Utatuzi wa Matatizo ya Treni za Modeli

Wapenzi wa treni za modeli wana tabia moja inayofahamika kwa kila muuzaji wa vifaa hivyo, awe Uingereza, Ujerumani au Marekani. Mtu anaweza kukesha akisoma habari za injini fulani ya mvuke hadi akajua ilijengwa katika karakana gani na ilipakwa rangi gani kabla ya vita, lakini karatasi ya maelekezo iliyokuja pamoja na modeli ya injini hiyo hiyo haijui hata sura. Wenyewe hulitania jambo hili waziwazi, na wengine hujivunia. Mwongozo huu umepangwa kwa kuzingatia hali hiyo: unaanza na dalili anayoiona mwenye treni, unapita kwa mshukiwa wake wa kwanza, ambaye mara nyingi huwa hana hatia, kisha unafika kwenye sababu yenyewe, ambayo kwa kawaida imekwisha kuandikwa na mtengenezaji.

Mifano mingi ni ya ukubwa uitwao HO, ambao hupunguza kila kitu mara 87 na kuacha milimita 16.5 kati ya reli na reli. Msomaji anayeifahamu SGR ya Dar es Salaam au ya Mombasa anaweza kuihakiki hesabu hiyo, kwa kuwa milimita 1,435 zikigawanywa kwa 87 jibu ni hilo hilo. Waingereza hutumia reli hizo hizo kwa modeli zao za OO, zilizopunguzwa mara 76 tu, na matokeo yake ni treni zilizokalia reli nyembamba kuliko inavyostahili, kasoro ambayo wao wenyewe huilalamikia miaka nenda miaka rudi bila kuiacha.

Kichwa kipya kimewekwa kwenye reli na hakisogei

Mnunuzi hukishuku kiwanda kwanza, kisha muuzaji. Kabla ya kumwandikia yeyote kati yao, kichwa kigeuzwe chali juu ya sponji na kitazamwe tumboni. Vichwa vingi husafirishwa vikiwa vimefungwa kwa skrubu kwenye kitako cha plastiki, na vingine huwekewa vipande vya povu au plastiki kati ya magurudumu na fremu ili visitikisike njiani. Skrubu hufunguliwa na kila mtu, kwa kuwa kitako hakiwezi kukaa kwenye reli. Kinachosahaulika ni kile kipande chembamba cha plastiki angavu kilichobana magurudumu, ambacho hakionekani mpaka mwanga ukipige kwa ubavu, na ambacho kimechorwa kwenye karatasi ya maelekezo pamoja na mshale wa kuonyesha upande wa kukivutia.

Tumbo likiwa safi, swali linalofuata ni kama kichwa na reli vinatumia umeme wa aina moja. Mfumo wa kawaida wa analogi hupeleka mkondo mnyoofu usiozidi takriban volti 12, reli moja ikiwa chanya na nyingine hasi, na mwelekeo wa treni hubadilika mkondo unapogeuzwa. Märklin, kampuni ya Göppingen iliyoanzishwa mwaka 1859, imeshikilia njia yake yenyewe: umeme huingia kwa vinundu vilivyopangwa katikati ya mataruma na kurudi kwa reli zote mbili, na kwa sababu hiyo magurudumu ya vichwa vyake vya HO hayatenganishwi kwa plastiki kati ya upande na upande. Kichwa cha aina hiyo kikiwekwa kwenye reli za mkondo mnyoofu ni shoti papo hapo. Anayenunua vitu vilivyokwisha kutumika, hasa kwenye minada ya Ujerumani, hukutana na tatizo hili mara nyingi, na suluhisho lake ni kulitambua kabla ya kulipa: ikiwa chini ya kichwa kuna kiatu kirefu cha chuma katikati, hicho ni cha mfumo wa Märklin, na hakuna fundi atakayekifanya kitembee kwenye reli za kawaida bila kukibadilishia magurudumu na njia nzima ya umeme.

Kichwa kinachosogea kwa shida, kikinguruma na kupata joto, mara nyingi hakina ubaya wowote. Grisi ya kiwandani bado ni nzito na gia hazijazoeana. Watengenezaji wengi huagiza kiendeshwe bila mabehewa, kwa mwendo wa wastani, kwa takriban nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma. Agizo hili ndilo linalopuuzwa kuliko mengine yote, na sababu yake inaeleweka: mtu aliyesubiri modeli yake kwa miezi kadhaa hawezi kuitazama ikizunguka peke yake kama ng'ombe wa kinu, ilhali mabehewa yapo tayari pembeni.

Kichwa cha dijitali hakiitikii

Hapa ndipo kutosoma kunapogharimu zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Katika DCC, mfumo wa kuendesha treni kwa amri za dijitali zinazopitia kwenye reli, ambao kiwango chake kinasimamiwa na NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za modeli, na ambao asili yake ni kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, reli huwa na umeme wakati wote, na kila kichwa hubeba dekoda, kibodi kidogo cha elektroniki kinachosubiri amri iliyoelekezwa kwenye namba yake. Dekoda mpya hutoka kiwandani ikiwa na anwani 3. Mwenye treni, kwa kuwa kichwa chake kimeandikwa namba ndefu ubavuni, huita namba hiyo kwenye kontrola, huita tena kwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, kisha huanza kuchunguza waya. Aite 3. Kikiitika, ndipo abadilishe anwani kwa utulivu.

Kama kwa anwani hiyo taa zinawaka lakini kichwa hakitembei, na ni kichwa kilichopitia mikono ya mtu mwingine, itazamwe CV19, mojawapo ya thamani zenye namba (CV) zinazohifadhi mipangilio ndani ya dekoda. Hapo ndipo huhifadhiwa namba ya msafara pale vichwa viwili vinapofungwa pamoja ili vivute treni moja. Mmiliki wa zamani alivitenganisha kwa mkono, akauza kimoja, na hakukumbuka kuvitenganisha ndani ya dekoda. Basi kichwa kinaendelea kusubiri amri ya mwendo kwa namba ya msafara ambao haupo tena. Andika 0 kwenye CV19 na tatizo litaondoka.

Ipo dalili nyingine ambayo humtia mtu wasiwasi bure: taa ya mbele huwaka na kuzimika kila mwendo unapoongezwa hatua moja. Wengi hushuku taa yenyewe na kuibadilisha. Sababu ni kwamba dekoda imewekwa itumie hatua 14 za mwendo, na kontrola inatuma 28, hivyo sehemu ya amri ya mwendo husomwa na dekoda kuwa ni amri ya taa. Rekebisho liko kwenye CV29, ambayo kwa vichwa vingi huwa 6 vikitumia anwani fupi na 38 vikitumia anwani ndefu. Kwa nini namba hizo? Kwa sababu CV29 ni jumla ya swichi kadhaa: 1 hugeuza mwelekeo, 2 huruhusu hatua 28 au zaidi, 4 huruhusu kichwa kutembea pia kwenye reli za analogi, na 32 huamuru anwani ndefu itumike. Jedwali hilo dogo limo karibu katika kila kijitabu cha dekoda, na anayelielewa mara moja hahitaji kukariri chochote.

Kichwa chenye sauti kina tabia yake. Mtu huongeza mwendo, hakuna kinachotokea. Huongeza zaidi, bado. Ghafla injini ya dizeli inanguruma, inatulia, kisha kichwa kinaondoka kwa kasi kuelekea ukingo wa meza. Hakuna hitilafu. Dekoda nyingi za sauti huzuia mwendo mpaka mlio wa kuwashwa kwa injini ukamilike, kama ambavyo injini halisi haiwezi kuvuta kabla haijawaka. Bonyeza kitufe cha sauti kwanza, subiri mlio utulie, ndipo uongeze mwendo. Orodha ya vitufe huwa kwenye karatasi ya pekee, tofauti na ile ya kichwa, na ndiyo hupotea mapema.

Halafu kuna msiba unaovikumba vichwa vyote kwa siku moja. Mtu amebadilisha anwani ya kichwa kimoja, na sasa vyote vilivyokuwa mezani vinaitika kwa namba hiyo hiyo na kuondoka pamoja. Maana yake ni kwamba uandikaji ulifanyika reli ya kuprogramu, yaani kipande cha reli cha kuandikia mipangilio ya dekoda, ikiwa imeunganishwa na reli nyingine zote. Kila kijitabu cha kontrola husisitiza kwamba reli ya kuprogramu itengwe kwa umeme, tena pande zote mbili, na kwamba kiwekwe kichwa kimoja tu. Anayekuta mambo yameshaharibika arudishe kila dekoda kwenye hali ya kiwandani, jambo ambalo kwa dekoda nyingi hufanywa kwa kuandika 8 kwenye CV8, kisha aandike anwani upya, kimoja baada ya kingine.

Mwisho kwa upande huu: aliyehama kutoka analogi kwenda dijitali na akaona amri zinafika kwa kusuasua, au hazifiki kabisa, akague kipande cha reli kinachoingiza umeme. Vipande vya zamani vya analogi mara nyingi vimefichwa kapasita ya kuzuia redio na televisheni zisikwaruze, na kapasita hiyo huharibu mawimbi ya DCC. Iondolewe, au kipande kibadilishwe.

Treni inakwenda kwa kukatakata

Hapa mshukiwa huwa mota, na mota huwa haina kosa. Pitisha kidole juu ya reli. Kikirudi cheusi, jibu limepatikana. Reli husafishwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, na magurudumu kwa ujiti wa pamba uliochovywa humo humo, huku mota ikizungushwa polepole. Msasa hauruhusiwi hata kama unaonekana kufanya kazi haraka, kwa kuwa huacha michirizi ambamo uchafu mpya hukaa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Uchafu huo hutoka wapi? Sehemu kubwa ni mafuta. Katika karatasi ya maelekezo kuna mchoro wa kichwa ukiwa na vialama vinavyoonyesha mahali pa kutia mafuta, na karibu yake maneno yanayosema tone moja. Mpenzi wa treni ambaye hakuusoma mchoro huo hutia mafuta kwa ukarimu, tena mara nyingi yale ya cherehani au ya kupuliza yaliyokuwa stoo, akiamini kwamba chombo kinachozunguka hakiwezi kudhurika kwa mafuta. Tone kamili la chupa ya kawaida ni kubwa mno kwa ekseli nene kama sindano. Mafuta huchovywa kwa ncha ya pini, na kinachobaki kwenye ncha hiyo ndicho kipimo. Yaguse pale ekseli inapoingia kwenye fremu, basi. Yakizidi, hutambaa hadi kwenye magurudumu, hupakwa kwenye mzunguko mzima wa reli, hushika vumbi, na kule yanakokutana na kolekta ya mota hugeuka tope jeusi linalokula brashi za kaboni. Aidha hulainisha mipira ya kung'ang'ania reli iliyovishwa kwenye baadhi ya magurudumu, na kichwa kilichokuwa kikivuta mabehewa kumi huanza kuteleza kwa matatu.

Kama treni hukatika mahali pamoja tu, na mahali hapo ni kwenye pointi, yaani pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili, uchafu haupo. Pointi nyingi zina moyo, yaani pale reli zinapokatizana, wa plastiki usiopitisha umeme, na kichwa kifupi chenye magurudumu machache ya kuchukua umeme husimama juu yake kikiwa hakina pa kulishwa. Mwendo wa pole huonyesha kasoro hii, mwendo wa kasi huificha.

Treni inaanguka kwenye kona

Mtu hulaumu fundi seremala aliyetengeneza meza, au hulaumu reli. Namba ya kutazama ni nusu kipenyo cha chini kabisa, ambayo huandikwa kwenye boksi au kwenye mistari ya kwanza ya maelekezo. Kwa reli za seti za Kiingereza, kona ya kwanza ina nusu kipenyo cha milimita 371, ya pili 438 na ya tatu 505, na vichwa vikubwa vingi vya OO havikubali kona iliyo chini ya ile ya pili. Kona ya kwanza ndiyo iliyokuja na seti ya mtoto, na ndiyo iliyopigiliwa mezani kabla kichwa kikubwa hakijanunuliwa.

Lakini ipo sababu nyingine ya siri zaidi, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani ya boksi huja kifuko kidogo chenye mipira ya breki, minyororo, ngazi na mabomba ya kubandika mbele ya kichwa. Mwenye modeli huvibandika vyote usiku ule ule kwa gundi, kwa kuwa ndivyo vinavyoifanya ifanane na picha. Kwenye reli iliyonyooka hakuna tatizo. Kichwa kinapoingia kwenye kona, magurudumu madogo ya mbele huzunguka upande, na gurudumu moja hugusa ncha ya mpira wa breki. Halizuiwi kabisa, ila huinuliwa kidogo tu, pungufu ya unene wa kucha. Hutembea hivyo hivyo hadi kwenye kiungo cha reli ambacho hakikukaa sawa, na hapo ukingo wake hupanda juu ya reli. Anayetazama huona treni ikianguka kwenye kiungo na kukilaumu kiungo. Maelekezo ya modeli kama hizo husema, kwa maandishi madogo, kwamba baadhi ya vipande hivyo ni vya modeli ya kuwekwa kabatini na havifai pale kiungio cha mbele kinapotumika au kona zinapokuwa kali. Vilivyokwisha kubandikwa hukatwa kwa kisu kikali, na gundi iliyobaki hupigwa tupa polepole.

Shoti inayotokea mahali fulani tu

Reli ikizunguka na kurudi kujiunga na yenyewe kwa kinyume, reli ya kulia hukutana na ya kushoto, na katika mfumo wa reli mbili hiyo ni shoti hata kabla treni haijafika. Panahitajika mikato kwenye reli zote mbili, kila mwisho wa kitanzi, na kwa DCC kifaa cha kugeuza mkondo chenyewe. Kitanzi kiwe kirefu kuliko treni ndefu kuliko zote zenye magurudumu ya chuma. Watumiaji wa Märklin hawana shida hii, na hawaachi kulitaja jambo hilo.

Mota ya pointi imeungua

Mota ya sumaku ya pointi imetengenezwa ipokee umeme kwa kufumba na kufumbua. Swichi ya kawaida ya taa, ambayo hubaki imewashwa, huiunguza. Itumike swichi ya kubonyeza na kuachia.

Kichwa kimefunguliwa, kimefungwa, na skrubu moja imebaki

Hali hii husimuliwa kwa kicheko, lakini skrubu iliyobaki huwa na mahali pake. Tatizo kubwa zaidi ni la skrubu ambazo hazikubaki: zile nne zilizotoka zinafanana kichwani na kutofautiana urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hugusa gia au hutoboa bodi ya umeme. Karatasi ya maelekezo huwa na mchoro wa kichwa kilichofumuliwa, kila kipande kikiwa na namba yake na mstari unaoonyesha kinapoingia, na mchoro huo unafaa kuwekwa mezani kabla bisibisi haijachukuliwa. Unaonyesha pia kama bodi imeshikwa kwa skrubu au kwa vijino vya plastiki vinavyotakiwa kusukumwa ndani. Vijino vilivyovunjika kwa kuvutwa kwa nguvu havina gundi inayovirudisha vizuri.

Kijitabu chenyewe hakisomeki

Si haki kumtupia mpenzi wa treni lawama zote. Kijitabu cha kawaida cha Ulaya hufunguliwa kwa maonyo kuhusu watoto wadogo, ncha kali na utupaji wa taka za umeme, yakirudiwa kwa lugha nyingi kwa herufi ndogo mno, na aliyekifungua kwa nia njema hukifunga kabla hajafika kwenye jambo alilolitaka. Viwanda vinavyochora mistari ya reli kwa usahihi wa sehemu za milimita vingeweza kabisa kuweka ukurasa mmoja wa mwanzo wenye mambo manne: nusu kipenyo cha chini, anwani ya dekoda, mahali pa mafuta, na namna ya kuivua bodi. Mpaka watakapofanya hivyo, msomaji ayatafute manne hayo na kuyaacha mengine mpaka yatakapohitajika. Ni kazi ya dakika chache, na mengi yamo kwenye michoro, ambayo haina lugha.

Kwa kichwa kilichonunuliwa bila karatasi, namba ya bidhaa kwenye ubavu mfupi wa boksi hutosha kutafutia maelekezo kwenye tovuti ya mtengenezaji, ambapo wengi huyaweka bure hata ya modeli zisizotengenezwa tena. Boksi likiwa limepotea pia, CV8 isomwe kwenye reli ya kuprogramu: 151 ni ESU, 145 ni Zimo, 99 ni Lenz, na CV7 hutoa toleo la programu. Namba hizo humtaja aliyetengeneza dekoda, ambaye si lazima awe aliyetengeneza kichwa, kwa hiyo kijitabu kitakachopatikana kwa njia hiyo kitaeleza mipangilio yote ya umeme bila kusema skrubu ya bodi iko wapi.